Sahihi ya Wifi

Mwanamke anayekuchukia kweli kweli utamjua kwa jinsi anavyoshika mkoba wake ukiingia chumbani. Dada wa mpenzi wangu, Fundi, aliukamata wa kwake kwa mikono miwili, akaukumbatia kifuani kana kwamba mimi ni kibaka wa stendi.

"Huyu naye kafuata nini hapa?" aliuliza. Hakuniuliza mimi. Aliuliza ukuta.

"Huyu ni mfamasia wetu," alisema daktari wa upasuaji. "Nimemwita mimi."

Ilikuwa saa nne asubuhi, kwenye kile chumba kidogo cha kuzungumzia na ndugu wa wagonjwa. Kina viti vinne vya plastiki, meza inayoyumba, na boksi la tishu ambalo sijawahi kulikuta limejaa. Fundi alikuwa amekaa dirishani na ovaroli lake la kazini, macho mekundu kwa kukosa usingizi siku tatu. Aliponiona, uso wake ukalegea kidogo, ule ulegevu ambao ni wangu peke yangu. Moyo wangu nao ukaruka palepale, moyo mpumbavu, haujui kuna wakwe chumbani.

Fundi anatengeneza lifti. Nilimfahamu siku aliponitoa kwenye lifti ya hospitali iliyokwama ghorofa ya tatu na nusu, na tangu siku hiyo sikutaka kutolewa na mtu mwingine mahali popote. Tulikaa mwaka na nusu tukipendana kimyakimya, mpaka miezi mitatu iliyopita aliponipeleka kwao. Mama yake, mwalimu mstaafu wa hisabati, aliniuliza umri wangu, kama niliwahi kuolewa, na kwa nini niliachika. Nikamjibu bila kupepesa macho. Nimemzidi mwanao miaka mitano. Niliwahi kuolewa. Sikuachika, niliondoka. Mama akavua miwani, akaifuta, akasema, "Asante kwa kusema ukweli. Jibu langu ni hapana."

Sasa mama huyohuyo alikuwa amelazwa ng'ambo ya ukuta, hajitambui. Alianguka bafuni, damu ikavuja ndani ya ubongo, akapasuliwa, akawekewa mrija mwembamba kichwani wa kutoa maji yaliyokuwa yakijaa huko ndani. Upasuaji ulikwenda vizuri mno. Siku ya tisa homa ikapanda.

"Bakteria wameingia kwenye maji ya ubongo," alisema daktari. "Na hawa si wa kawaida."

"Wametoka wapi?" aliuliza Dada.

Daktari ni mtu mkweli, ndiyo maana napenda kufanya naye kazi. "Hapahapa hospitalini. Wamepitia kwenye mrija."

"Kwa hiyo tumemleta apone, nyinyi mkampa ugonjwa!"

"Dada," alisema Fundi taratibu.

"Usinidade! Nauliza, dawa ipo au haipo?"

"Tumepima dawa tisa, moja moja," alisema daktari. "Zote zimegonga mwamba. Bakteria hawa ni sugu. Ndiyo maana nimemwita mwenzangu."

Wote wakanigeukia. Nilitoa simu, nikaweka picha juu ya meza. Ilikuwa picha ya kisahani cha maabara, kile wanachooteshea vijidudu, kimefunikwa na utando wa bakteria kila pembe, na juu yake viduara viwili vya karatasi vilivyoloweshwa dawa.

"Hii ni dawa ya kwanza," nikasema. "Bakteria wameizunguka, hawana habari nayo. Hii ni ya pili. Vilevile. Karatasi ya majibu inasema zote mbili zimeshindwa, na haijadanganya. Lakini jana nilishinda maabara, nikawaomba waziweke karibu karibu. Hebu tazameni hapa katikati."

Fundi aliinama. "Pako safi."

"Pako safi. Dawa zikikutana, bakteria wanakufa. Ya kwanza itapita kwenye mshipa taratibu, kila dozi ikichukua muda wa saa nne. Ya pili nayo itapita kwenye mshipa, ila haifiki vizuri kwenye ubongo, kwa hiyo kiasi kidogo tutakipitisha kwenye mrija wenyewe, mara moja kwa siku, kiingie kulekule waliko."

"Mtamwaga dawa kwenye ubongo wa mama yangu," alisema Dada.

"Tutaiingiza taratibu, kwa kipimo. Na sikufichi, Dada, hiyo dawa ya pili ni ya zamani na ni kali kwa figo. Figo zake nitazifuatilia kila asubuhi mimi mwenyewe. Zikianza kulalamika, napunguza."

"Na akifa?"

"Tukikaa hivihivi, Jumapili hatufiki naye. Kwa dawa hizi mbili nafasi anayo, tena nzuri. Kuapa siwezi. Ila kazi yangu naijua."

Fundi akasimama. "Leteni karatasi nisaini."

"Sahihi yako haitoshi," alisema daktari. "Kabla ya kupasuliwa, akiwa bado na fahamu, mama aliandika mwenyewe kwamba akishindwa kusema, atakayeamua ni binti yake."

Dada akashusha pumzi. Akamtazama mdogo wake, akanitazama mimi, kisha akamgeukia tena mdogo wake. "Nendeni mkamwangalie mama, wewe na daktari. Niachieni huyu."

Mlango ulipofungwa, aliuweka mkoba mezani kwa mara ya kwanza.

"Nitasaini," akasema. "Kwa sharti. Umwache mdogo wangu. Leo hii. Na usimwambie kwa nini."

Nilidhani nimesikia vibaya. Sikuwa nimesikia vibaya.

"Usinione mbaya," akaendelea. "Mama alikukataa akiwa na akili zake timamu. Akipona kwa mkono wako, atakukataa kwa mdomo gani tena? Atalazimika kukupokea kwa sababu ya fadhila. Mama yangu hajawahi kulazimishwa na mtu. Sitaki aamke akute amefungwa mdomo."

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba nilimwelewa. Ningekuwa na mama kama yule, huenda ningesema maneno yaleyale. Nilitazama saa ya ukutani. Saa nne na nusu. Dozi ya kwanza ingehitaji saa nzima kuiandaa, na kila saa inayopita wale wadudu walikuwa wakizaana kwenye kichwa cha mwanamke aliyenikataa.

"Saini," nikasema.

"Hutaki hata kufikiri?"

"Nimeshafikiri. Kalamu hii hapa."

Alisaini. Alikosea tarehe mara mbili, na hiyo ndiyo nafuu pekee niliyoipata siku ile.

Fundi nilimkuta kwenye ngazi. Alinishika mikono yote miwili, vidole vyake vinanukia grisi kama kawaida, harufu ambayo mimi huiona marashi.

"Amesaini? Nilijua utamshinda, Mama Vidonge wangu. Wewe hakuna mtu..."

"Tuachane," nikasema.

Akacheka. Kisha akaona uso wangu, akaacha kucheka.

"Utani gani huu, leo hii?"

"Sio utani."

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu."

"Umenichoka?"

Hapo nilitakiwa kusema ndiyo, mambo yaishe. Nikafungua mdomo, ndiyo ikakataa kutoka. Alikuwa amesimama ngazi moja chini yangu, kwa hiyo macho yetu yalikuwa sawasawa, na sijui nani aliyewahi kudanganya akitazamwa vile.

"Sijakuchoka. Usiniulize kwa nini. Nenda kwa mama yako."

"Sawa," akasema. "Umesema umeniacha, nimesikia. Lakini mimi sijakuacha. Mambo ya kuachana yanataka watu wawili, na hapa tuko nusu."

Akapanda ngazi akinipita, bega lake likagusa langu. Nilienda famasia, nikavaa glavu, nikaandaa dozi ya kwanza nyuma ya kioo, na sikukosea hata tone. Nalia baada ya kazi mimi, si wakati wa kazi. Siku ile nikalia baada ya kazi mpaka pua ikaziba.

Tukaanza. Kila siku saa tano asubuhi muuguzi aliingiza dawa kwenye mrija, akaifunga koki ndogo ya mrija iliyokuwa pembeni ya kichwa cha mama, dawa ikae ndani saa nzima, kisha saa sita koki ifunguliwe maji yatoke. Mimi sikukanyaga wodini. Dozi nilizipeleka kwa trei, majibu ya figo nilisoma kwenye karatasi, na Fundi nilimkwepa kama deni. Alikuwa akija mchana, akichungulia kwenye kidirisha cha famasia, na mimi nikijifanya nahesabu vidonge. Siku moja nilihesabu kopo lilelile mara nne.

Siku ya tano daktari akanipigia simu.

"Mama Vidonge, maji bado yana ukungu. Yako vilevile kama maji ya kuoshea mchele. Nadhani mchanganyiko wako umeshindwa."

"Mchanganyiko wangu haujashindwa."

"Majibu ndiyo haya."

"Daktari, nimeona kwa macho yangu wale wadudu wakifa. Kilichoshindwa kiko hapo wodini. Naja."

Saa tano na dakika tano nilikuwa nyuma ya pazia la kitanda cha jirani. Muuguzi alikuwa amemaliza, amefunga koki, amekwenda kwa mgonjwa mwingine. Mama alikuwa amelala, kichwa kimenyolewa na kufungwa bandeji, amekuwa mdogo mno kwenye shuka. Pembeni alikaa Dada, akimfuta mama yake midomo kwa kitambaa kilicholowa, akimnong'oneza habari za majirani. Nilisimama pale nikaona jinsi anavyompenda, na hasira yangu yote dhidi yake ikaanza kuyeyuka.

Kisha akainua macho, akaona koki imefungwa. Akaguna, "Jamani watu hawa!" Akanyoosha mkono, akaifungua.

Dawa yangu ikaanza kutoka, tone kwa tone, ikishuka kwenye mfuko.

Niliruka. Niliifunga ile koki haraka mpaka Dada akapiga kelele.

"Unafanya nini wewe? Ikifungwa ni hatari! Tuliambiwa siku ya kwanza, tukiiona imefungwa tuseme, maji yakijaa anakufa!"

"Umewahi kuifungua kabla ya leo?"

"Kila siku! Kila siku wanasahau, kila siku naifungua mimi. Nisingekuwepo hapa..."

Nadhani aliona sura yangu.

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. "Hawajasahau," nikamwambia. "Siku zile za mwanzo ilitakiwa iwe wazi muda wote. Sasa inafungwa makusudi, saa moja, ili dawa ikae kule ndani. Ukiifungua, dawa inarudi nje kabla haijafanya kazi."

Sijawahi kuona mtu akinyauka vile. Alitazama mfuko, akatazama mkono wake. "Siku tano," alisema. "Siku tano naimwaga dawa ya mama yangu kwa mkono wangu mwenyewe."

"Kosa ni letu. Tulikwambia la kwanza, hatukukwambia la pili. Nitamweleza daktari hivyo hivyo."

"Utamwambia ni mimi?"

"Nitamwambia koki ilifunguliwa na mtu ambaye hatukumwelekeza. Ndiyo ukweli."

Akaanza kulia, kilio kile cha kujizuia ambacho hutikisa mabega tu. Ningeweza kumkumbusha kila neno alilonirushia kwenye chumba kile cha tishu. Ningeweza kumwambia, nirudishie mwanaume wangu, la sivyo nitamweleza mdogo wako. Ulimi uliniwasha, sikatai. Lakini saa ilikuwa ikienda.

"Una saa ya mkononi?" nikamuuliza.

"Ninayo."

"Dawa iliyobaki ndani bado itasaidia. Kaa hapa, ilinde hiyo koki. Muuguzi akichelewa, mwite. Mtu mwingine akiigusa kabla ya saa sita, mpige kofi."

"Unaniamini mimi?"

"Kuna mtu humu anampenda mama yako kuliko wewe?"

Alivua saa, akaishika kiganjani, akaikodolea macho. Nilipotoka mlangoni bado alikuwa hajapepesa.

Tulianza kuhesabu siku upya. Siku ya pili homa ilishuka. Siku ya nne daktari alinitumia picha ya maji bila maneno yoyote, na hayakuhitajika maneno, maji yalikuwa safi hata unasoma gazeti upande wa pili. Maabara wakaotesha mara tatu, visahani vyote vikabaki vitupu. Figo zilinuna kidogo, nikapunguza dozi, zikatulia. Siku ya tisa mama alifungua macho, akamsikia muuguzi akihesabu matone kwa sauti, akamwambia, "Umeruka kumi na saba."

Wodi nzima ilicheka. Mimi nilijifungia stoo na maboksi ya drip, nikamshukuru Mungu peke yangu.

Wiki moja baadaye nikaitwa. Si kwa simu. Alitumwa Dada, na alikuja mpaka famasia, akasimama kwenye foleni nyuma ya wagonjwa sita mpaka zamu yake ikafika.

"Mama anakuita," akasema. Mkoba wake ulikuwa unaning'inia tu begani.

Mama alikuwa ameketi, mito miwili mgongoni, kitambaa kizuri kichwani, miwani puani. Alikuwa mwembamba, lakini mwalimu alikuwa amerudi kwenye macho.

"Kaa."

"Nimeacha watu dirishani, Mama."

"Kaa."

Nikakaa. Dada akasimama miguuni pa kitanda kama mwanafunzi aliyekutwa na kosa.

"Huyu binti yangu ameniambia mambo mawili," alianza mama. "La koki, nimemsamehe, maana alitaka kuniokoa. Nimebaki na la pili. Nasikia umemwacha mwanangu."

"Ndiyo, Mama."

"Kwa ruhusa ya nani?"

Nilimtazama Dada.

"Mama, mimi ndiye nilimwambia amwache ndipo nisaini..." Dada alijaribu.

"Wewe nyamaza, ulishasema." Akanigeukia. "Niliyekukataa ni mimi. Mdomo ninao. Sikumwomba mtu anisaidie. Na unajua kwa nini nilikukataa? Sio umri. Nilisema, huyu aliwahi kuondoka, siku akibanwa ataondoka tena. Na kweli umebanwa, umeondoka." Akaisukuma miwani juu. "Ila safari hii umeondoka ili mimi nibaki."

"Nilifanya kazi yangu, Mama."

"Kazi yako ni kuchanganya dawa. Hilo jingine hakuna mtu anayekulipa."

Nikasikia mtu akikohoa nyuma yangu. Sikuhitaji kugeuka kujua ni nani. Fundi alikuwa mlangoni, na kwa jinsi uso wake ulivyokuwa, alikuwa amesikia yote.

"Ulinibadilisha kwa sahihi," akasema.

"Ndiyo."

"Wiki tatu nimeugua. Nimetengeneza lifti zikapanda badala ya kushuka. Na wewe ulijua sababu, ukakaa kimya."

"Nilitoa ahadi."

"Leo ukiambiwa tena, ungefanya hivyohivyo?"

Hapa ndipo mwanamke mwenye akili angesema hapana, mpenzi wangu, kamwe. Nilimtazama mama yake, hai, akinikodolea macho juu ya miwani. Nikamtazama yeye, yule mwanaume ambaye nampenda mpaka naogopa.

"Ningefanya," nikasema. "Hata sasa hivi. Mama akiwa kitandani na wewe ukiwa hapo mlangoni, ningekuacha wewe. Ukitaka kukasirika, kasirika."

Dada akaziba mdomo. Fundi alikuja polepole mpaka kwenye kiti changu, akachuchumaa mbele yangu, mbele ya mama yake, mbele ya wodi nzima.

"Ungenichagua mimi mama akafa," alisema, "ningekuchukia mpaka naingia kaburini. Na ungejua nakuchukia, na bado ungeishi na mimi. Asante kwa kuniacha."

Akakamata mkono wangu. "Turudiane?" Nilitazama kitandani, nikingoja ile hapana.

"Mbona unanitazama mimi?" alisema mama. "Mjibu mwenzio."

Nikamjibu kwa kuukaza mkono wake. Nikalia palepale, bado saa za kazi, na glavu mfukoni, na hakuna aliyeniambia ninyamaze.